Hodi Isiyoitikiwa: Misuli ya Njia ya Hewa Inapoacha Kuisikia Dawa

Mama mdogo alikuwa na desturi ya kutumbukiza mkebe wa inhela yake kwenye bakuli la maji. Ukizama, alisema, dawa bado ipo. Ukielea, umekwisha, na mtoto atumwe duka la dawa. Usiku ule wa masika mkebe ulizama kama jiwe, lakini yeye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinalia filimbi. Tangu jioni alikuwa ameshapuliza mara nane. Alipopata pumzi ya kutosha maneno matatu, alisema nililosikia kwa wagonjwa wengi wa pumu: "Mwili umezoea dawa."

Kauli hiyo si uongo, ila imefunga kitita kimoja mambo yasiyofanana, na kila jambo lina tiba yake. Ukiyachanganya utafanya kosa moja kati ya mawili: utapuliza na kupuliza mpaka kukuche bila kwenda hospitali, au utaiogopa inhela saa ileile unayoihitaji. Yote mawili nimeyaona, na ndiyo maana naandika.

Tuanze na misuli yenyewe. Mirija ya hewa ndani ya mapafu imezungushiwa misuli laini, ile ambayo huwezi kuiamrisha kama unavyoamrisha mkono. Kwa mwenye pumu, misuli hiyo hukaza, ngozi ya ndani ya mirija huvimba, na makohozi mazito huziba kinjia kilichobaki. Salbutamol, dawa iliyomo kwenye inhela ya bluu, hushughulika na kukaza tu. Uvimbe haiugusi. Naomba msomaji alishike hilo, litatufaa mbele.

Juu ya seli za misuli hiyo kuna vipokezi viitwavyo beta-2. Kipokezi kimoja ni protini, mnyororo wa asidi amino 413 uliopenya utando wa seli mara saba, nje kikiacha mahali pa kupokelea ujumbe na ndani kikiacha mkia. Kwa asili ni mlango wa adrenalini. Salbutamol, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, ilitengenezwa ifanane na adrenalini kiasi cha kukubalika kwenye mlango huo bila kuusumbua sana moyo. Inafika, inapiga hodi. Kipokezi hubadili umbo, protini G iliyo upande wa ndani huamka, nayo hukiamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli ndogo ya ujumbe iitwayo cAMP. Hiyo ikiongezeka, kimeng'enya kingine, PKA, huingia kazini: kalsiamu hupungua ndani ya seli, mashine ya kukaza hulegea, mrija unafunguka. Huchukua dakika chache, na nafuu hudumu saa nne hadi sita.

Lakini adrenalini si ya kukaa mwilini kutwa nzima. Huja mbwa anapokukimbiza, kisha huondoka. Seli imejengwa kwa wito mfupi kama huo, na wito usiokoma huuchukulia kama kelele. Kwa hiyo ina namna ya kuziba masikio, tena kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza huanza ndani ya sekunde na dakika. Kipokezi kilichoitikia hodi hutambuliwa na vimeng'enya vya kundi la GRK, ambavyo hubandika fosfeti kwenye mkia wake wa ndani. Fosfeti hiyo ni alama. Protini nyingine, beta-arestini, huiona, huja na kukaa palepale ambapo protini G ingekaa. Kipokezi kipo, dawa imekaa juu yake, mlango uko wazi kabisa, lakini aliye ndani amezuiwa kuitika. PKA nayo, ileile iliyoleta nafuu, hugeuka na kubandika fosfeti zake kwenye vipokezi, hata vile ambavyo havijaguswa na dawa. Kazi nzuri ya dawa inakuwa sababu ya kuizima.

Ngazi ya pili huchukua dakika kadhaa zaidi. Beta-arestini hukivuta kipokezi mpaka kwenye kishimo cha utando kilichozungukwa na protini ya klathrini, kishimo hujifunga, na kipokezi humezwa ndani ya seli. Hapo kuna njia panda. Dawa ikiwa imeondoka, kipokezi husafishwa fosfeti zake na kurudishwa juu kikiwa kizima. Dawa ikiendelea kumiminika kwa saa nyingi, vingi hupelekwa kuvunjwavunjwa, na seli hupunguza hata kutengeneza vipya. Kutoka hapo kupona hakuji kwa saa moja. Lazima vipokezi vipya viundwe, na hiyo ni kazi ya siku. Wakati huohuo seli huongeza vimeng'enya vya kuimaliza cAMP, kwa hiyo hata hodi chache zinazoitikiwa hazidumu.

Ramani hii ya milango haikuchorwa kwa siku moja. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist alipendekeza kwamba adrenalini ina vipokezi vya aina mbili, alfa na beta, na wengi hawakumwelewa. Mwaka 1986 kikundi cha Robert Lefkowitz kilipata jeni ya kipokezi cha beta-2 chenyewe. Brian Kobilka, aliyekuwa katika kikundi hicho, baadaye alionyesha umbo la kipokezi hiki na jinsi kinavyoshikana na protini G. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2012. Kipokezi kilichowafikisha huko ni hikihiki kilicho kifuani mwa mama mdogo.

Jambo hili mtu anaweza kuliona kwa macho. Kwenye maabara za famakolojia huchukuliwa trakea, yaani bomba kuu la hewa, ya simbilisi, hukatwa pete nyembamba, na pete hutundikwa kwa nyuzi mbili ndani ya chombo cha kioo chenye maji ya chumvi yaliyopashwa hadi nyuzijoto 37. Chini yake hupita mapovu ya oksijeni. Uzi mmoja umeshikwa na kifaa cha kupima mvutano, na mvutano huo huchora mstari kwenye skrini. Ukidondosha dawa ya kukaza, mstari unapanda: kile kipande cha nyama kinakaza chenyewe, bila mnyama, bila ubongo. Ukidondosha isoprenalini, ndugu mkubwa wa salbutamol, mstari unashuka kama ndoo inayoteremshwa kisimani. Sasa kiache kipande hicho kikae ndani ya isoprenalini kwa muda, kioshe, kikazishe tena, kisha rudia dozi ileile. Mstari unashuka kidogo na kusimama. Ili ufike ulipofika mwanzo, unahitaji dozi kubwa zaidi ya ile ya kwanza.

Hakuna vumbi pale, wala ugonjwa, wala mtu aliyekosea kuvuta. Ni misuli na dawa tu. Na ukikipa kipande hicho forskolini, dawa inayoamsha utengenezaji wa cAMP bila kupitia kipokezi, kinalegea vizuri. Mashine ya ndani ni nzima, kasoro iko mlangoni.

Mgonjwa anaweza kuliona hata nyumbani, ingawa si kifuani. Anayeanza kutumia vidonge vya salbutamol hutetemeka vidole, kikombe cha chai kinacheza mkononi. Baada ya siku kadhaa mtetemo hupungua wenyewe, naye husema dawa sasa imemkubali. Misuli ya mikono ina vipokezi vya beta-2 pia, na kilichotokea ni kwamba vimeacha kuitikia kwa nguvu. (Vidonge hivyo ni vya bei nafuu na tumevizoea sana, lakini hubeba miligramu mbili hadi nne kupitia damu yote ili kufanya kazi ambayo mpulizo mmoja wa maikrogramu 100 hufanya papo kwa papo ndani ya mapafu. Kama inhela inapatikana, sioni sababu ya kuchagua kidonge.)

Sasa tufike penye fundo. Mtu atauliza: kama vipokezi vinazimwa hivyo, mbona mgonjwa anayepuliza kila siku bado hupata nafuu? Jibu ni akiba. Misuli ya njia ya hewa ina vipokezi vingi kuliko inavyohitaji kwa kazi ya kawaida. Siku ambayo kifua kimebana kidogo, hata robo yake ikiitika, mrija unafunguka, na kipimo cha kupuliza hospitalini kinaonyesha kila kitu kiko sawa. Upungufu haujionyeshi. Hujionyesha siku ambayo mirija imekaza kwelikweli, siku ya mafua mazito au ya moshi wa takataka uliotanda mtaa mzima. Hapo misuli inavutwa kwa nguvu upande wa kukaza, na ili kuishinda nguvu hiyo unahitaji kila kipokezi ulichonacho. Watafiti waliowakazisha wagonjwa mirija kwa methakolini, kwa kipimo na chini ya uangalizi, waliona hivyohivyo: kadiri mirija ilivyozidi kubana, ndivyo tofauti ilivyopanuka kati ya waliokuwa wakitumia dawa hizi mfululizo na wasiotumia. Tatizo linalojificha siku njema na kujitokeza siku mbaya ni tatizo baya, kwa sababu uzoefu wako wa kila siku unakudanganya.

Zaidi ya hapo, dawa ina kazi mbili, na hazichoki sawasawa. Moja ni kufungua mrija uliokwisha kubana. Ya pili ni kuukinga usibane ukikutana na vumbi, baridi au mbio. Kinga ndiyo huondoka mapema. Mwaka 1992 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichapisha jaribio la salmeterol, dawa ya jamii hiihii inayodumu saa kumi na mbili. Baada ya dozi ya kwanza, ilihitajika methakolini mara kumi zaidi ili kuibana mirija ya wagonjwa. Baada ya wiki nne za kutumia kila siku, ilihitajika mara mbili tu. Kufungua mirija kuliendelea kama kawaida, kwa hiyo mgonjwa hakuhisi kuwa amepoteza chochote. Sehemu ya sababu ni seli za masti, zile zinazohifadhi histamini kwenye kuta za mirija. Zenyewe zina vipokezi vya beta-2 vinavyozizuia zisimwage histamini, ila akiba yao ni ndogo kuliko ya misuli, kwa hiyo husahau amri haraka zaidi.

Kuna nchi iliyolipia elimu hii kwa maisha ya watu. New Zealand ilianza kutumia inhela ya fenoteroli, dawa ya jamii ya salbutamol, mwaka 1976. Kila mpulizo ulikuwa na maikrogramu 200, mara mbili ya salbutamol. Vifo vya pumu vikapanda ghafla, vijana wakiwemo, na vikakaa juu miaka mingi. Mwaka 1989 watafiti wa Wellington walichapisha takwimu zilizoihusisha dawa hiyo na vifo, matumizi yake yakabanwa, na vifo vikashuka kwa kiasi cha nusu. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, Uingereza na nchi nyingine kadhaa zilipita njia kama hiyo kwa inhela kali ya isoprenalini. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu: je, ni moyo uliozidiwa na dozi, ni vipokezi vilivyochoka, au ni watu waliokaa nyumbani wakipuliza huku uvimbe ukizidi? Mimi naona hoja hizi hazipingani. Mtu ambaye vipokezi vyake vimepungua hupuliza zaidi, anayepuliza zaidi huchelewa kwenda hospitali, na moyo wake hupokea dozi yote hiyo wakati oksijeni iko chini.

Mwaka 1990 ulikuja ushahidi mwingine kutoka nchi hiyohiyo, mjini Dunedin. Wagonjwa walitumia fenoteroli mara nne kila siku kwa wiki 24, na wiki 24 nyingine wakaitumia pale tu walipobanwa. Kati ya 57 walioonyesha tofauti ya wazi, 40 walikuwa na hali nzuri zaidi walipoitumia kwa kuhitaji tu. Ni haki kusema pia kwamba jaribio la Marekani la mwaka 1996, kwa wagonjwa wa pumu hafifu waliotumia salbutamol, halikukuta madhara ya kuitumia kila siku, lakini halikukuta faida pia. Kisha likaja jaribio kubwa la salmeterol lenye watu zaidi ya 26,000. Lilisimamishwa mwaka 2003: vifo 13 vya pumu upande wa dawa, vitatu upande wa waliopewa inhela isiyo na dawa, kwa kulinganisha. Watu waliruhusiwa kuendelea na tiba zao za kawaida, na wengi hawakuwa na steroidi.

Neno hilo, steroidi, ndilo linalobadilisha hadithi. Inhela ya steroidi, kama beklometasoni ambayo wengi tunaijua kwa mkebe wa rangi ya kahawia, haikupi nafuu ya dakika ile, na kwa sababu hiyo watu huiacha. Kazi yake ni ule uvimbe ambao salbutamol haiugusi. Ila ina kazi nyingine isiyosemwa sana: huingia ndani ya seli na kuiamsha jeni inayotengeneza vipokezi vya beta-2. Inaongeza milango. Haifuti uchovu wote, na ile kinga inayopungua hairudi yote, lakini inarudisha sehemu kubwa ya usikivu. Ndiyo maana mgonjwa aliyezidiwa hupewa steroidi mapema anapofika wodini: baada ya saa chache, dawa ya kufungua mirija iliyokuwa haifui dafu huanza tena kusikika.

Kwa hiyo mwaka 2019 mpango wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza salbutamol peke yake kwa watu wazima na vijana kuanzia miaka 12. Inayopendelewa sasa ni inhela moja yenye steroidi pamoja na formoteroli, dawa ya kufungua mirija ya jamii ya salbutamol; kila unapopuliza kwa ajili ya nafuu umepuliza na tiba ya uvimbe. Inhela ya namna hiyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Bei na upatikanaji ni jambo jingine, nami silifichi: kwa familia nyingi mkebe wa bluu ndio unaofikika. Hata hivyo, aliyeshika mkebe wa bluu na wa kahawia, na akautumia wa kahawia kila siku hata kifua kikiwa kimetulia, amejikinga kuliko mwenye wa bluu mitano.

Turudi kwenye kitita cha mama mdogo, maana vipokezi ni sehemu yake moja tu. Sehemu kubwa, naamini, ilikuwa uvimbe. Hakuwa ametumia steroidi kwa miezi, mirija ilikuwa imevimba na kujaa makohozi, na hakuna kulegeza misuli kunakoweza kuondoa makohozi. Sehemu nyingine ilikuwa mkebe wenyewe. Bakuli la maji ni kipimo kibovu. Mkebe wa kawaida una mipulizo 200, na baada ya hapo gesi inayosukuma huendelea kutoka na sauti yake ileile ikiwa na dawa kidogo au bila dawa. Mkebe usio na kihesabu mipulizo huhesabiwa kwa kalamu. Na alikuwa akipuliza mdomoni moja kwa moja, huku amechoka, dawa nyingi ikiishia kwenye ulimi. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri chini ili inhela iingie na kubana, huwasaidia watoto wenye pumu karibu sawa na chombo cha kuvutia dawa kinachouzwa dukani.

Usiku ule hatukumnyang'anya inhela. Hili nalisema kwa mkazo, kwa sababu nimesikia watu wakimzuia mgonjwa "asizidishe mazoea". Vipokezi vilivyopungua si vipokezi vilivyokwisha, na shambulio hushindwa kwa dozi ya kutosha: hospitalini huanza kwa mipulizo minne hadi kumi kupitia chombo cha kuvutia, kila dakika 20 katika saa ya kwanza, pamoja na steroidi na oksijeni. Huongezwa pia ipratropiamu, dawa nyingine ya kufungua mirija, ambayo haipiti mlango wa beta-2 kabisa. Njiani aliendelea kupuliza, nasi tukiendelea kutafuta teksi. Hatari ilikuwa kukaa nyumbani.

Hesabu ya kuangalia ni ya mikebe. GINA inasema anayemaliza mikebe mitatu au zaidi ya mipulizo 200 kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa ghafla, na anayefika 12 hatari yake ya kufa imeongezeka. Mama mdogo alikuwa akinunua mmoja kila mwezi na kuona ni kawaida. Sasa kuna kalenda ya duka imetundikwa juu ya kitanda chake, na kila akipuliza wa bluu anachora kijistari. Mwezi wa kwanza wa kutumia wa kahawia vilikuwa 61. Mwezi wa tatu, vinane.

Watafiti wanaendelea kutafuta dawa itakayopiga hodi kwa protini G bila kumwamsha beta-arestini. Wengine wanatafuta mlango mwingine kabisa. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba misuli ya njia ya hewa ina vipokezi vya ladha chungu, vya jamii ileile iliyo kwenye ulimi, na vikiguswa misuli hulegea. Mwaka 2012 kikafuata kipimo kilichonivutia zaidi: misuli iliyokwisha kuchoshwa na dawa za beta-2 bado ililegea ilipopewa vitu vichungu. Kimojawapo kilikuwa klorokwini. Ni kazi ya maabara na hakuna inhela iliyotoka humo, wala mtu asimeze klorokwini kwa ajili ya pumu, maana ni dawa yenye hatari zake. Nilipomsimulia mama mdogo alikunja uso, akameza mate kama mtu aliyepewa kidonge mkononi, kisha akaniuliza kama sasa wameitengeneza isiyo chungu.